Deni la shahada ya rasilimali watu hulipwa kwa miaka mingapi?

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, vijana na wazazi wao hukaa chini kuchagua kozi ya kusoma chuo kikuu. Kwa wengi waliosoma masomo ya sanaa na biashara, shahada ya menejimenti ya rasilimali watu haikosekani katika orodha hiyo.

Sababu zinaeleweka. Kozi hiyo huchukua miaka mitatu na inafundishwa katika vyuo vingi, kuanzia Chuo Kikuu Mzumbe, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi hadi Taasisi ya Ustawi wa Jamii na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kilichopo Kigamboni, Dar es Salaam. Haimlazimishi mwombaji kuwa bingwa wa hisabati, na cheo cha ofisa utumishi kina heshima yake katika jamii.

Hata hivyo, mazungumzo hayo ya nyumbani huishia kwenye jina la chuo na kiasi cha mkopo kitakachopatikana. Ni nadra mtu kuuliza maswali mawili yanayofuata: mshahara wa kwanza utaweza kulipa deni hilo kwa muda gani, na mshahara wenyewe utaanza lini?

Makala haya yanafanya hesabu hiyo hatua kwa hatua. Viwango vya makato vilivyotumika ni vya kisheria. Ada na mishahara ni mifano, ambayo msomaji anaweza kuibadilisha kwa kuweka tarakimu za chuo au za mwajiri anayemfahamu.

Deni linavyojengeka

Mikopo ya elimu ya juu nchini ilianza kutolewa katika mwaka wa masomo 1994/95 chini ya wizara, baada ya Serikali kuanzisha utaratibu wa kuchangia gharama za elimu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005.

Mkopo huo ni mkusanyiko wa mafungu kadhaa: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, pamoja na mafunzo kwa vitendo. Fungu la chakula na malazi lilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23.

Tuchukue mwanafunzi anayepewa fungu hilo kwa siku 240 kwa mwaka. Hiyo ni Sh2,400,000. Tuongeze Sh200,000 za vitabu na viandikwa, na ada ya Sh1,300,000. Jumla ni Sh3,900,000 kwa mwaka, sawa na Sh11,700,000 kwa miaka mitatu. Akipata na fedha za mafunzo kwa vitendo, deni lake litafika Sh12,000,000 au kuzidi kidogo. Kwa urahisi wa hesabu, tutatumia Sh12,000,000.

Si kila anayesoma fani hii hupata kiasi hicho. Katika upangaji wa mikopo, fani za afya, uhandisi na ualimu wa sayansi ndizo zilizopewa kipaumbele cha juu, ilhali masomo ya biashara, menejimenti na sayansi ya jamii yamewekwa nyuma yake. Ndiyo maana mwanafunzi wa rasilimali watu anaweza kupata sehemu ya ada tu, au kukosa mkopo kabisa, na pengo hilo likabaki mabegani mwa familia.

Mshahara wa Serikali

Mhitimu wa shahada anayeajiriwa serikalini huanza kama Ofisa Utumishi Daraja la II, katika ngazi ya mshahara ya TGS D. Tuchukue mfano wa mshahara wa Sh800,000 kwa mwezi.

Kutoka kwenye mshahara huo, asilimia 5 huenda katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), yaani Sh40,000. Kodi ya mapato hukokotolewa kwenye Sh760,000 zinazobaki, na kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, kodi hiyo ni Sh68,000. Bima ya afya huchukua asilimia 3, yaani Sh24,000. Akiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, asilimia 2 nyingine, sawa na Sh16,000, hukatwa.

Kisha huja makato ya Bodi ya Mikopo, ambayo ni asilimia 15 ya mshahara. Kwa mshahara huu ni Sh120,000 kila mwezi.

Jumla ya makato yote ni Sh268,000. Mtumishi huyo atapokea Sh532,000 mkononi. Katika orodha yote ya makato, fungu kubwa kuliko mengine ni la Bodi. Linakaribia mara mbili ya kodi anayolipa.

Akikatwa Sh120,000 kila mwezi bila kukosa, deni la Sh12,000,000 litakwisha baada ya miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Mshahara ukipanda, makato nayo yatapanda na muda huo utafupika.

Mshahara wa sekta binafsi

Hali hubadilika kwa mhitimu anayeanzia katika kampuni ndogo au ya kati. Tuchukue mshahara wa Sh500,000. Kiasi hicho si cha kubuniwa kwa ajili ya kutisha watu: ndicho kima cha chini cha mshahara kwa mtumishi wa umma kilichotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan siku ya Mei Mosi mwaka 2025, ili kianze kulipwa Julai mwaka huo badala ya Sh370,000.

Kwa maana nyingine, mwenye shahada anayeanza na Sh500,000 katika kampuni analingana kimshahara na mtumishi wa ngazi ya chini kabisa serikalini, ambaye huenda hana deni la chuo.

Mhitimu huyu atachangia asilimia 10 katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), sawa na Sh50,000. Kodi yake ni Sh14,400. Makato ya Bodi ni Sh75,000. Atabaki na Sh360,600, ambazo ndani yake kuna nauli, kodi ya chumba na chakula cha mchana kazini.

Kwa makato ya Sh75,000, deni lilelile la Sh12,000,000 litachukua miezi 160. Hiyo ni miaka 13 na miezi minne. Kijana aliyehitimu akiwa na umri wa miaka 23 na kupata kazi siku hiyohiyo, atamaliza kulipa akiwa na zaidi ya miaka 36, iwapo mshahara wake hautapanda.

Kilichobadilika mwaka 2021

Wapo wazazi wanaowaogopesha watoto wao wasikope kwa sababu walisikia kwamba deni la Bodi haliishi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wake, lakini sheria imebadilika.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara, na hatua hiyo iliwagusa hata waliokopa kabla ya hapo. Wakati huohuo kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyotozwa kwenye deni lililobaki.

Kwa mfano wetu, asilimia 6 ya Sh12,000,000 ni Sh720,000 kwa mwaka. Mtumishi anayekatwa Sh120,000 kwa mwezi hulipa Sh1,440,000 kwa mwaka. Chini ya utaratibu huo, nusu ya fedha zake katika mwaka wa kwanza ingeishia kwenye tozo. Yule wa sekta binafsi, anayekatwa Sh900,000 kwa mwaka, angepunguza deni lenyewe kwa Sh180,000 tu.

Mei Mosi ya mwaka 2021, Rais Samia alitangaza jijini Mwanza kuifuta tozo hiyo. Kuanzia Julai mosi ya mwaka huo ilikoma, pamoja na adhabu ya asilimia 10 iliyokuwa ikitozwa kwa waliochelewa kuanza kurejesha.

Tangu hapo deni halizai. Sh12,000,000 za leo zitabaki Sh12,000,000 hata baada ya miaka 10, na kwa kuwa bei za vitu hupanda, uzito wake hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo ukubwa wa deni sio tena hatari kuu kwa anayesoma rasilimali watu. Hatari imehamia kwenye muda wa kusubiri kazi.

Gharama ya kusubiri

Mbali na mkopo, kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote: kipato ambacho kijana angekipata kama angekuwa kazini badala ya chuoni.

Tuseme angeweza kupata kazi ya Sh300,000 kwa mwezi. Baada ya kuchangia Sh30,000 NSSF, angebaki na Sh270,000, ambazo hazitozwi kodi. Kwa miezi 36 ya chuo angekuwa amepokea Sh9,720,000. Fedha hizo amezikosa, na shahada inapaswa kuzirudisha kabla hajasema kwamba imemlipa.

Aliyeajiriwa serikalini, anayepokea Sh532,000, anamzidi mwenzake asiyesoma kwa Sh262,000 kila mwezi. Atafidia kipato alichokikosa kwa muda wa miaka mitatu na mwezi mmoja hivi.

Wa sekta binafsi, anayepokea Sh360,600, anamzidi kwa Sh90,600 tu. Yeye atahitaji karibu miaka tisa.

Hapo ndipo kusubiri kunapouma. Kila mwaka mmoja ambao mhitimu anakaa nyumbani, au anajitolea ofisini bila malipo, anakosa Sh3,240,000 ambazo angezipata katika kazi ile ya awali. Kwa mshahara wa Serikali, mwaka huo mmoja hufidiwa kwa takriban mwaka mmoja wa kazi. Kwa mshahara mdogo wa kampuni, mwaka mmoja wa kusubiri hufidiwa kwa karibu miaka mitatu ya kazi.

Ni kweli kwamba mishahara haikai mahali pamoja. Ofisa utumishi hupanda daraja, na wapo wakuu wa idara katika benki, migodi na mashirika wanaolipwa mara kadhaa ya mifano hii. Lakini kijana anayekopa leo hatalipa deni kwa mshahara wa mkuu wa idara. Atalilipa kwa mshahara wa kuanzia.

Kwa nini nafasi ni chache

Uchache wa nafasi katika fani hii hautokani na uchumi peke yake. Umo katika asili ya kazi yenyewe.

Shule yenye wanafunzi wengi inahitaji walimu wengi, na hospitali yenye wagonjwa wengi inahitaji wauguzi wengi. Ofisi ya rasilimali watu huhudumia wafanyakazi, siyo wateja. Ofisa mmoja anaweza kushughulikia mafaili, likizo na mishahara ya watu kadhaa au mamia. Kampuni ya watu 20 mara nyingi haina ofisa wa namna hiyo. Kazi zake hufanywa na mhasibu au mmiliki mwenyewe.

Tanzania Bara ina halmashauri 184, na kila moja ina ofisi ya utumishi. Serikali ndiyo mwajiri anayetegemewa zaidi na wahitimu hawa, na nafasi zake hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako mwombaji hushindana na wenzake wa nchi nzima kwa usaili. Waliosoma utawala wa umma nao hugombea nafasi zilezile.

Aidha, kazi nyingi ambazo zamani zilihitaji makarani wa utumishi sasa zinafanywa na kompyuta. Taarifa za watumishi wa umma na malipo ya mishahara yao vinaendeshwa kwa mfumo mmoja wa Serikali, na kampuni kubwa zina mifumo yao.

Kinachobaki na thamani ni kile ambacho mashine haikifanyi. Mwajiri humlipa vizuri zaidi ofisa anayeifahamu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayejua kuendesha kikao cha nidhamu kwa haki, na anayeweza kuiepusha kampuni na kesi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mfanyakazi mmoja aliyeachishwa kazi bila utaratibu anaweza kuigharimu kampuni kuliko mshahara wa mwaka mzima wa ofisa huyo.

Deni lisilo na karatasi

Kwa waliokosa mkopo au kupata sehemu tu, ada hulipwa kwa kuuza shamba au ng'ombe, kwa michango ya ukoo, au kwa mkopo wa mzazi kutoka Saccos na vikoba. Wapo wanaofika hadi kwenye mikopo ya mitaani inayojulikana kama kausha damu.

Madeni haya hayaonekani katika hati ya mshahara ya mhitimu, lakini yapo na mengi yana riba. Mzazi anayekopa Sh2,000,000 zenye riba ili mtoto asichukue mkopo wa Bodi usio na riba, anakwepa deni nafuu na kukumbatia deni ghali.

Vilevile, mkopo wa Bodi una mdhamini, ambaye mara nyingi ni mzazi au ndugu. Asiyelipa hujiweka pabaya yeye pamoja na aliyemdhamini. Bodi imewahi kuyatangaza hadharani majina ya wadaiwa sugu, na taarifa za deni zinaweza kumzuia mtu kupata mkopo wa benki.

Kujiajiri nako hakumwondoi mtu katika wajibu huo. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka kiwango cha asilimia 10 ya kipato au kisichopungua Sh100,000 kwa mwezi kwa wasio na mwajiri. Aliyeajiriwa hana pa kujificha, kwani mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa Bodi ndani ya siku 28 baada ya kumwajiri mhitimu. Na anayeandika taarifa hiyo ofisini, kwa kawaida, ni ofisa utumishi mwenyewe.

Njia nyingine zipo

Njia ya kwanza ni kuanza na stashahada, kuingia kazini, kisha kusoma shahada. Faida yake ni kwamba kipato huanza mapema. Kasoro yake ni kwamba mikopo ya stashahada iliyoanza mwaka wa masomo 2023/24 ililenga fani za kipaumbele kama afya na uhandisi, hivyo anayesoma rasilimali watu atalazimika kujilipia.

Njia ya pili ni kusoma ukiwa kazini. Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa mwaka 1992 kiliundwa kwa ajili ya watu wa namna hii. Karani, katibu muhtasi au msimamizi wa ghala anayesoma rasilimali watu jioni hapotezi zile Sh9,720,000 tulizozitaja, na anapohitimu tayari ana mwajiri anayemfahamu.

Njia ya tatu ni kuichanganya fani hii na nyingine. Mhitimu anayejua kukokotoa mishahara na kodi, au mwenye msingi wa sheria za kazi, anaifaa hata kampuni ile ya watu 20 isiyoweza kuwaajiri watu wawili kwa kazi hizo.

Maswali ya kujibu kabla ya kusaini

Kabla ya kujaza fomu, familia inashauriwa kujibu maswali machache. Waliomaliza kozi hiyo katika chuo hicho miaka miwili iliyopita wako wapi sasa? Walianza na mshahara gani? Mafunzo kwa vitendo hufanyika katika ofisi za namna gani, na je, zipo zilizowahi kumwajiri mwanafunzi aliyefanyia mafunzo kwao?

Swali jingine ni la muda. Iwapo kazi haitapatikana katika mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu, kijana atafanya nini kitakachomwingizia kipato? Asiye na jibu ajue kwamba mwaka huo ndio sehemu ghali kuliko zote katika shahada yake.

Kwa ambaye tayari ameajiriwa, ushauri ni kutolipa deni la Bodi kwa mkopo wa benki. La Bodi halina riba, la benki linayo. Akumbuke pia kwamba mtumishi wa umma hapaswi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Kwa mshahara wa Sh800,000, theluthi hiyo ni takriban Sh266,700. Kwa kuwa tayari anapokea Sh532,000, nafasi iliyobaki kwa mkopo mwingine wowote ni kama Sh265,000 kwa mwezi, na akiitumia yote ataishi kwa theluthi kwa miaka mingi.

Shahada ya rasilimali watu inaweza kulipa deni lake. Kwa anayepata kazi mapema na kwa mshahara wa kutosha, kipato alichokiacha hurudi kwa muda wa miaka mitatu na mwezi mmoja hivi na deni hutoweka kabla ya muongo kumalizika. Kwa anayesubiri miaka miwili na kuishia kwenye mshahara wa Sh500,000, cheti hichohicho kitamdai karibu miaka 15 ya kazi kabla hakijaanza kumlipa. Tofauti ya watu hao wawili haiko katika kiasi walichokopa, bali katika walichojua kufanya walipohitimu na nani alikuwa tayari kuwalipa kwa kazi hiyo.